Kimo cha Jicho

Karatasi ya shirika ilikuwa na maneno machache:
Loveday Trembath, miaka themanini na mmoja,
anaishi peke yake, Redruth, mlango wa nyuma umevunjwa.
Chini yake mtu ameongeza kwa penseli:
halali kitandani.

Nilifika saa tatu asubuhi, na mvua ya Cornwall
ile isiyonyesha wala kuacha.
Nikabisha, nikataja jina, nikarudi hatua mbili
ili anione mzima kupitia pazia:
koti la njano, kitambulisho shingoni, mikono wazi.
Ndivyo tulivyofunzwa.
Alichukua muda. Nilisikia kiti kikiburutwa,
kisha kitu cha chuma, kisha kiti tena.

Ndani, kiti kinautazama mlango kama askari wa zamu,
blanketi juu yake, kikaango juu ya blanketi.
"Usiku wa kumi na tisa," akasema,
akakiondoa haraka kwa aibu
kana kwamba nimemkuta hajachana nywele.

Polisi waliandika vilivyoibwa:
redio, saa ya marehemu, kopo la sarafu za mita ya gesi.
Hawakuandika alivyonitajia mimi
nikiwa nimepiga magoti kwenye unga wa mbao:
ngazi ya tatu, iliyokuwa ikilia yenyewe kwa baridi,
sasa inalia kwa mguu wa mtu.
Paka wa jirani. Bomba. Upepo kwenye sanduku la barua.
Nyumba aliyoijua kama kiganja
imejifunza lugha ya wageni.

Sikumjibu. Mimi ni mtu wa vitasa.
Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mgodi wa bati,
na kule chini, gogo la dari likisema neno
unatoka kwanza, unauliza baadaye.
Yeye atoke aende wapi?

Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Sawa. Lakini wahenga hawakulala na kikaango.

Nikatia kitasa cha ndimi tano,
bamba la chuma, mnyororo,
skrubu ndefu za kuuma ukuta,
si zile fupi za kuridhisha macho.
Uani nikafunga taa inayowaka mtu akipita
(na mbweha pia, nilimwonya, asije akaamka bure).

Kisha mlango wa mbele. Tundu la kuchungulia lilikuwepo,
juu sana, karibu na kizingiti.
"La Clemo," akasema. "Alikuwa mrefu.
Miaka hamsini na miwili nilimuuliza ni nani,
naye akaniambia ni nani.
Tangu afe, nafungua tu."

Nikamsimamisha dhidi ya ubao
kama mtoto anayepimwa urefu siku ya kuzaliwa.
Akavua viatu bila kuambiwa.
Nikatia alama palipo jicho lake,
keekee ikalia, na mtaa ukaingia ndani
mdogo kama punje ya mtama.
La Clemo nikauliza kama nilizibe.
"Liache," akasema. "Hadhuru."

Halafu: "Toka nje. Bisha."

Nikatoka. Ndimi tano zikaingia mahali pake
kwa mlio mmoja mzito.
Nikabisha.
Punje ya mwanga ikawa nyeusi.
"Nani?"
"Jory Angwin, wa vitasa."
"Simjui."

Keekee yangu iko ndani. Koti langu liko ndani.
Funguo za gari, ndani,
na chai aliyonipa inapoa juu ya jiko.
"Rudi nyuma nikuone miguu."
Nikarudi nyuma.
"Geuka."
Nikageuka, mtu wa miaka sitini na minne,
maji yakinitiririka mgongoni,
dirisha la ng'ambo likinitazama.

Sikumharakisha.
Nyuma ya mbao nilisikia kiti kikiburutwa tena,
polepole, mbali na mlango,
mbali zaidi,
mpaka kikagonga meza.